Althea Gibson: gumzo la kikundi cha familia

Kito: Mmeona zawadi ya bingwa wa jana? Tenisi inalipa jamani 🔥

Mjomba Saidi: Siku hizi ndiyo. Ungemuuliza Althea Gibson.

Kito: Ndiye nani huyo, Mjomba?

Mwanaidi: Kito!! Mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon, 1957. Kabla ya akina Serena, kabla ya Arthur Ashe.

Mjomba Saidi: Na 1956 alishachukua wa Ufaransa. Wimbledon sahani ya ubingwa alikabidhiwa na Malkia Elizabeth, New York wakamfanyia gwaride. Mfukoni hakuna kitu.

Kito: Hakuna kitu kivipi? Bingwa!

Mjomba Saidi: Mashindano yale yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Ukishalipwa, huyakanyagi tena. Wa kulipwa waliruhusiwa 1968. Yeye Wimbledon na Marekani alizitwaa 57, akarudia 58, akaacha akatafute riziki.

Mama Mdogo Zuhura: Kwanza kaka, waambie alivyoingia. Ubingwa wa Marekani walikuwa hawamtaki kwa rangi yake mpaka bingwa wa zamani, Alice Marble, mzungu, alipowasuta kwenye jarida la tenisi. 1950 wakamfungulia.

Mwanaidi: Eeh, na ile mechi ya radi! Anamwongoza Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, seti ya mwisho 7-6. Mvua ikashuka, radi ikaangusha tai wa jiwe aliyekuwa juu ya uwanja. Wakaahirisha, kesho yake akafungwa.

Kito: 😳😳 Radi nayo ilikuwa na upande wake

Mjomba Saidi: Baada ya tenisi alihangaika sana. Mechi za maonyesho kabla Harlem Globetrotters, ile timu ya mpira wa kikapu wa burudani, hawajaingia, akaimba, akaigiza. 1964 akaingia gofu ya kulipwa, mwanamke mweusi wa kwanza. Kuna klabu zilimkatalia hata chumba cha kubadilishia nguo, akawa anabadilisha garini. Bingwa wa dunia!

Mama Mdogo Zuhura: Mwenyewe alisema taji haliliwi.

Mwanaidi: Mimi linaloniuma ni la uzeeni. Miaka ya 90 kiharusi kimempata, kodi na dawa vimemshinda, akampigia Angela Buxton wa Uingereza. Hao ndio walitwaa pamoja Wimbledon ya wawili-wawili 1956. Buxton alikuwa Myahudi, naye klabu zilikuwa zikimbagua.

Kito: Akamsaidia?

Mwanaidi: Alitoa zake, halafu barua ya kumwombea msaada ikachapishwa kwenye jarida la tenisi. Michango ikamiminika kutoka nchi nyingi.

Mama Mdogo Zuhura: Chama cha tenisi kiko wapi muda wote huo? Anasaidiwa na rafiki!

Mjomba Saidi: Alifariki 2003. Sanamu yake pale viwanja vya US Open, mashindano yaleyale ya Marekani, wakaiweka 2019.

Mama Mdogo Zuhura: Miaka 16 baadaye. Haraka ya nini 🙄

Mwanaidi: Kito, nakutumia video ya fainali ya 57. Tazama anavyoanzisha mpira, mrefu yule.

Kito: Tuma dada, bando leo lipo.