Springi na shokapu za Honda ATC200X ya 1984: nianzie wapi?

Mteremko, Michigan

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika langu. Mwaka jana nilinunua Honda ATC200X ya 1984, ile ya magurudumu matatu yenye injini ya mipigo minne ya sentimita za ujazo 192, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiacha bandani miaka mingi. Injini nimekwisha kuitengeneza na sasa inawaka kwa teke la kwanza au la pili. Kinachonisumbua ni mwendo wake kwenye matuta ya mchanga ya Silver Lake, kwa sababu kila ninaposhuka tuta na kukutana na bonde, sehemu ya nyuma inazama mpaka nasikia chuma kikigonga chuma, kisha inanirusha juu kama punda aliyeguswa kidonda. Nina kilo 98 kabla ya kuvaa kofia na buti.

Nimeona shokapu iliyotumika inayouzwa kwa bei nafuu, iliyotolewa kwenye chombo cha magurudumu manne cha kampuni hiyohiyo. Ni ndefu kuliko yangu kwa milimita 25, lakini muuzaji anasema itaingia. Kwa upande wa mbele, jirani amenishauri nikate kipande cha bomba la plastiki na kukiweka juu ya springi ndani ya kila mguu wa shokapu. Je, ninunue hiyo shokapu, nibadilishe springi peke yake, au kuna jambo la kufanya kabla ya yote hayo?

Spana Kumi na Nne, Dar es Salaam

Kaka, jirani yako hajakudanganya. Sisi huku kwenye pikipiki za bodaboda tunaweka kipande cha bomba juu ya springi za mbele kila siku, na mteja anaondoka akifurahi kwamba pikipiki imenyanyuka. Nyuma nako kaza nati kubwa ya springi mizunguko kadhaa, kwani springi ikikazwa inakuwa ngumu, kisha uone kama bado inagonga. Usitumie fedha kabla ya kujaribu kisichogharimu chochote.

Mzee wa Bandani, Ohio

Marahaba, kijana. Ushauri wa kutotumia fedha haraka naukubali kwa mikono miwili, ila namwomba mwenzetu wa Dar es Salaam aniruhusu kurekebisha jambo moja, kwa kuwa kosa hilo ndilo lililoharibu vyombo vingi vya aina hii nilivyopokea. Springi ya kawaida ikikazwa haiwi ngumu zaidi. Ikiwa inahitaji kilo 5 ili ibonyee milimita moja, itaendelea kuhitaji kilo 5 hata ukiikaza hadi mwisho wa uzi. Kinachobadilika ni mahali chombo kinaposimama: kinanyanyuka, na safari ya gurudumu iliyokuwa ya kushuka inapungua. Mteja wa bodaboda anafurahi kwa sababu pikipiki yake ilikuwa imelala. Chako, chenye mwendeshaji wa kilo 98 anayeruka matuta, kina ugonjwa mwingine.

Kabla ya springi, hata hivyo, angalia viungo. Nyuma ya ATC200X kuna ule mfumo wa vyuma ambao Honda iliuita Pro-Link, unaounganisha shokapu moja na mkono unaobeba ekseli. Kila kiungo kina bushi na boliti yake, na bushi ya miaka arobaini isiyoonja grisi huwa imeng'ang'ana au imelika mpaka imekuwa ya umbo la yai. Inua chombo, ondoa shokapu, kisha uinue mkono huo kwa vidole. Unapaswa kupanda na kushuka bila kukwama na bila kucheza pembeni. Ukikwama, hakuna springi duniani itakayokusaidia, maana utakuwa unalipia springi mpya ifanye kazi dhidi ya kutu.

Ukiwa umeitoa shokapu, pima mambo mawili. Kwanza, bila springi, gurudumu linasafiri milimita ngapi kutoka chini kabisa hadi juu kabisa? Pili, vua springi na usukume fimbo ya shokapu kwa mkono. Ikiingia bila upinzani, au ikiwa na sehemu tupu katikati ya safari, mafuta yamechoka au gesi imetoka, na hapo hata springi sahihi itakurusha vilevile, kwa sababu springi hutunza nguvu ya pigo na kuirudisha yote, ilhali kazi ya kuimeza nguvu hiyo ni ya mafuta yanayopita kwenye matundu madogo.

Kisha rudisha kila kitu na upime kiasi cha kuzama. Weka alama kwenye fremu juu ya ekseli, inua nyuma mpaka magurudumu yaning'inie, na upime kutoka ekseli hadi alama. Teremsha chombo, kitikise, upime tena. Halafu panda ukiwa umevaa kila kitu, na mwenzako apime mara ya tatu. Ukiwa na mizani mbili za bafuni, ziweke chini ya magurudumu ya nyuma, gurudumu la mbele likiwa juu ya ubao wa kimo kilekile, ili tujue uzito wako unaangukia wapi. Lete namba hizo hapa, na hiyo shokapu ya bei nafuu iache kwanza.

Mteremko, Michigan

Mzee wangu, ahsante. Bushi mbili za chini zilikuwa zimeganda kabisa. Nimezitoa kwa presi na kuweka mpya. Sasa mkono unapanda na kushuka kwa ulaini, na nakiri kwamba chombo kimebadilika hata kabla ya kugusa kitu kingine, ingawa bado kinagonga. Fimbo ya shokapu iliingia kwa upinzani kidogo sana na haikurudi yenyewe. Namba ni hizi: safari ya gurudumu la nyuma ni milimita 170. Bila mtu, nyuma inazama milimita 25. Nikikaa, inazama 80. Kwa mizani, kati ya kilo 105 zangu na mavazi, kilo 75 zinakwenda nyuma.

Nilijaribu pia ushauri wa kukaza nati. Nilipofika mahali ambapo nikikaa inazama 57, nilishuka na kukuta chombo kikiwa peke yake kinazama milimita 2 tu, na nilipokipitisha juu ya tuta kikawa kinagonga upande wa juu pia, kila gurudumu linapoachwa hewani.

Mzee wa Bandani, Ohio

Umejipatia jibu mwenyewe, ila limejificha. Mwendeshaji akikaa, nyuma inapaswa kuzama karibu theluthi moja ya safari yote. Kwako ni takriban milimita 55. Chombo kikiwa peke yake nacho lazima kizame kiasi, tuseme milimita 15, ili gurudumu liweze kushuka kufuata shimo. Ukikaza nati na kupata namba ya kwanza huku ya pili ikikaribia sifuri, springi ni laini mno. Wengi husoma alama hiyo kinyume: wanaona chombo hakizami kikiwa tupu, wanadhani springi ni ngumu, wanakwenda kununua iliyo laini zaidi.

Hesabu haihitaji kompyuta. Kilo zako 75 sasa zinaizamisha nyuma kutoka 25 hadi 80, yaani milimita 55. Tunataka kilo hizohizo ziizamishe kutoka 15 hadi 55, yaani milimita 40. Gawanya 55 kwa 40, utapata 1.375, springi mpya iwe ngumu kuliko ya sasa kwa zaidi kidogo ya theluthi. Viungo vya Pro-Link huongeza ugumu kadiri gurudumu linavyopanda, kwa hiyo hesabu hii si ya mahakamani, lakini itakufikisha karibu kuliko kubahatisha.

Kwa kuwa vyombo vipya vya magurudumu matatu viliacha kuuzwa Marekani kwa makubaliano ya 1988 kati ya watengenezaji na serikali, na sheria ya 2008 ikafunga mlango wa kuviingiza, usitegemee kukuta springi yako imepangwa dukani. Utaiagiza kwa fundi wa springi, na atahitaji unene wa waya, kipenyo cha ndani, idadi ya mizunguko na urefu ikiwa haijabanwa. Ugumu hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, ndiyo maana waya wa milimita 10 ukipanda hadi 10.8 pekee, mengine yote yakibaki yalivyo, unapata asilimia 36. Mwambie pia ahakikishe kwamba gurudumu likifika juu kabisa mizunguko haitagusana, kwani hapo springi inageuka kuwa chuma kizima.

Shokapu yako nayo ifunguliwe na mtu mwenye vifaa vya gesi ya naitrojeni. Usiifungue mwenyewe. Mweleze kwamba springi imeongezeka kwa asilimia 37, ili aongeze uzuiaji wa kurudi, yaani jinsi mafuta yanavyopunguza kasi ya springi inapojinyoosha, kwa asilimia 15 hadi 20. Asipofanya hivyo, springi ngumu juu ya mafuta yaleyale itakurusha zaidi ya zamani.

Na ile ndefu ya milimita 25? Ikiwa kwa kila milimita ya shokapu gurudumu linasafiri karibu milimita 3, utainua nyuma kwa milimita 75. Chombo kitaelekea mbele, shingo ya usukani itasimama wima zaidi, na uzito utahamia kwenye gurudumu lile moja. Magurudumu matatu ni pembetatu, na ncha yake nyembamba iko mbele. Ukifunga breki huku umekata kona, kinapinduka kupitia bega la mbele. Mimi ninalo kovu la jambo hilo, na sikuhitaji hata milimita 75.

Spana Kumi na Nne, Dar es Salaam

Mzee, nimerekebishwa na nimeelewa. Naomba kuuliza habari ya mbele, maana kijana akigeuza nyuma kuwa ngumu na kuacha mbele laini, pua si itazama kila akifunga breki?

Mzee wa Bandani, Ohio

Itazama, na hilo ni swali la fundi. Mbele apime vilevile. Springi za mbele zikiwa za mizunguko yenye nafasi sawa, kuna njia ya zamani: kata mzunguko mmoja katika kumi, ugumu upande kwa karibu asilimia 11, kisha kipande cha bomba kijaze urefu uliopotea. Hapo ndipo bomba la jirani linapopata kazi ya halali. Mizunguko ikiwa imebanana upande mmoja, asikate. Mafuta yabadilishwe yote, na kimo chake kipimwe kutoka mdomo wa mguu, springi ikiwa nje na mguu umesukumwa hadi mwisho, kila mguu sawa na mwenzake. Ukiongeza mafuta unapunguza hewa iliyobaki juu, na hewa hiyo ikibanwa inakuwa springi ya pili inayofanya kazi mwishoni mwa safari. Ongeza milimita 5 kwa mara moja, ujaribu. Ukijaza kupita kiasi, sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, ndizo zitakazolia.

Bin Ramlah, Maskati

Assalamu alaykum. Naongeza neno moja kutoka kwenye mchanga wa Sharqiya. Mmezungumza kila kitu isipokuwa matairi. Honda ya kwanza ya namna hii, US90 ya 1970, haikuwa na springi wala shokapu. Tairi zake za puto ndizo zilizobeba kila kitu, na mpaka leo tairi hizi ni springi isiyo na cha kuizuia. Upepo ukizidi kidogo tu, chombo kinadunda, na mwenyewe anailaumu shokapu. Kipimo cha upepo cha gari la kawaida hakisomi vizuri chini ya psi 5, kwa hiyo tafuta kile cha shinikizo dogo, upime asubuhi kabla jua halijawaka, na usibadilishe upepo siku ileile unayojaribu springi.

Mteremko, Michigan

Nilikuwa na psi 9 nyuma. Nimeona aibu, nimezishusha hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha chombo, na nitarudia vipimo vyote vitatu kabla ya kumtumia fundi wa springi namba za waya.