Beringi na shimu za difu ya Land Rover: Kariakoo, Nairobi, Uingereza au mtumba?

Mboka88
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora, nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, aliyoacha marehemu baba. Difu ya nyuma, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, inalia ukifika spidi 40, ukiachia mafuta inabadilisha sauti. Nimeichomoa. Beringi ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, imechubuka, ukipitisha ukucha kwenye rola unakwama. Meno ya pinioni na ya kraunwili, gia kubwa inayozungushwa na pinioni, mazima. Natafuta beringi zote nne pamoja na shimu, vile visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi. Niagize Kariakoo ije na basi, Nairobi, Uingereza, au nichukue difu nzima ya mtumba?

FundiCheyo
Mtumba sahau, utanunua kelele za mwenzio. Niliwahi kuuziwa moja imepigwa rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu cha Idi. Kufungua, meno ya pinioni yameliwa yamebaki makali kama kisu.

Beringi nunua kwa namba. Safisha kwa petroli na brashi, utaiona imechongwa kwenye koni (sehemu ya ndani yenye rola) na kwenye kapu (pete ya nje), kila kimoja na yake. Piga picha, tuma. Ukiwa dukani usitaje Land Rover kabisa, taja namba tu. Ukitaja gari bei inapanda. Hata duka linalouzia mashine za viwandani linaweza kuwa nazo.

Mwisho_wa_Reli
Kariakoo sawa, ila uwe na mtu wako anayejua kushika kitu. Mimi huku Kigoma nililetewa boksi lina jina kubwa, ndani namba ni ya wino, inafutika kwa kidole. Safari mbili za Kasulu, kwisha. Siku hizi namtuma shemeji Nairobi, barabara ya Kirinyaga. Bei imechangamka na mpakani kuna maswali, lakini sijarudia kazi.

DadaGiaboksi
Mimi niliagiza seti Uingereza. Ilifika vizuri, ila usafiri na kodi vilikaribia bei ya mzigo wenyewe. Kilichonifaa ni shimu: zimepangwa kwa unene, safi. Beringi za ndani ya boksi zilikuwa za kampuni nisiyoijua, nikaziweka kabatini, mpaka leo zipo.

Mzee109
Vijana, mbona mnakimbilia dukani kabla ya kupima? Mboka, hiyo yako ya 88 ni difu ya Rover, inachomoka nzima kwa mbele. Beringi za pembeni zinakazwa kwa nati zenye meno, hazitaki shimu. Mwenye 109, ile ndefu, yenye difu ya aina ya Salisbury, kama mimi, ndiye anayehangaika na shimu za pembeni.

Wewe shimu zako ziko kwenye pinioni tu: za kimo, yaani pinioni ikae ndani kiasi gani, chini ya kapu ya beringi ya ndani, na za mkazo wa beringi. Kama pinioni ni ileile na nyumba ni ileile, rudisha shimu za kimo zilezile kwanza, kisha upime. Umezitunza?

Mboka88
Shikamoo mzee wangu. Zipo kwenye kopo la maziwa, ila nimezichanganya.

Mzee109
Marahaba. Haya, zipime moja moja kwa maikromita, uandike. Ungebadilisha pinioni ningekwambia usome namba iliyochorwa kichwani mwake, maana kimo kingebadilika. Plei ya kraunwili, ule mchezo kati ya meno yake na ya pinioni, iache milimita 0.20 hadi 0.25. Halafu paka rangi kwenye meno, zungusha, uangalie inagusa wapi. Ikipanda juu ya jino au kuzama shinani, rudi kwenye shimu.

Mboka88
Nimeelewa. Beringi za pinioni nachukua Nairobi, kama Mwisho_wa_Reli ataniunganisha na shemeji. Za pembeni Kariakoo kwa namba, na boksi lifunguliwe nikiwa kwenye simu ya video. Shimu sinunui mpaka nipime. Dayo geji, ile saa ya kupimia plei, hapa mjini anayo nani?

FundiCheyo
Ninayo. Njoo Jumamosi na difu yenyewe, na asali ya Sikonge lita moja. Kopo la maziwa usilisahau.