Wewe uliyesema darubini yangu "inakata nyota nusu" mbele za watu, njoo hapa

Wakuu, bado natetemeka kwa hasira. Mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la utani, sitanii.

Jana magharibi nimetoa darubini yangu, lenzi yake upana wa milimita 70, barazani, nikaielekeza kwenye sayari ya Zuhura. Watoto wa mtaa mzima foleni. Akina mama wameacha chapati zinaungua. Kila anayeinama anaguna: nusu kamili, kama mwezi wa siku saba! Ndipo akaja YEYE. Mnamjua. Anayejua kila kitu humu, kuanzia injini za meli hadi ndoa za watu. Karuka foleni, kachungulia sekunde moja, kainuka, katangaza kwa sauti ya kusikika mpaka Kigamboni: "Darubini mbovu hii. Inakata nyota nusu."

Inakata nyota nusu!

Foleni ikafa palepale. Mama mmoja kambeba mwanawe asije akapofuka. Dogo mwingine kaniuliza ile nusu nyingine nimeiweka wapi. Iko gizani, mwanangu! Zuhura haina mwanga wake, inamulikwa na Jua upande mmoja, na kipindi hiki tunaitazama kwa ubavu. Galileo aliliona hilo mwaka 1610, kwa darubini duni kuliko yangu! Inavyozidi kutusogelea itakuwa hilali, nyembamba lakini kubwa zaidi. Hapo atasema nini, darubini imekula nyota?

"Inakata nyota nusu." Halafu kaondoka na chapati mbili.

KobeMzee: Uzi bila picha haunogi. Tuwekee hiyo nusu.

Mwenye uzi: Nimepiga kwa simu, limetoka doa jeupe. Zuhura inang'aa mno giza likiingia, inatakiwa uiwahi anga likiwa bado na mwanga. Na muda huo ndio YEYE alikuwa anahutubia!

Bint Pwani: Ni huyohuyo! Juni 6, 2012, Jua lilichomoza Zuhura ikiwa tayari inakatiza mbele yake. Akatuambia tulale, itapita tena mwakani. Inarudi Desemba 2117!

Fundi Saa: Mkuu na wewe, nusu nyota ndiyo ukeshe? Bora wewe. Mimi nimeuziwa ya milimita 60, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Ukivuka mara 120 hivi ni ukungu mtupu. Mwenye duka hapokei simu.

Mtu wa Bara: Boksi hilohilo! Na miguu yake mtu akikohoa chumba cha pili, sayari inatoka nje ya lenzi.

KobeMzee: Miguu niuzie mimi. Bei?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada. INAKATA NYOTA NUSU!!

KobeMzee: Subiri kwanza mkuu. Hiyo miguu ni ya mbao au bati?