Piramidi na zigurati: kwa nini Misri mfalme mmoja, Sumeri kila mji na wake?

Mdadisi
Wakuu, vitabu vingi vinaweka piramidi na zigurati ukurasa mmoja kana kwamba ni ndugu. Lakini Misri ilikuwa na Farao mmoja, Sumeri (kusini mwa Iraq ya leo) kila mji ulijitawala, na Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus huko Pakistan ya leo, hata ikulu haijaonekana. Tofauti hii imetoka wapi, na inasomeka kwenye majengo?

Mfereji
Anza na maji, mkuu. Nile ilijaa Agosti na Septemba, ikashuka Oktoba, ndipo watu wakapanda. Mafuriko yalitangulia mbegu. Tigris na Euphrates, mito ya Sumeri, ni kinyume chake: theluji ya milimani inayeyuka, mito inafurika Aprili na Mei, shayiri ikiwa imekaribia kuvunwa. Bila matuta, mavuno yanakwenda na maji. Bila mifereji, msimu wa kupanda unakuta mto uko chini. Mifereji nayo hujaa tope, lazima izibuliwe kila mara, na kila mji ulizibua ya kwake. Ndiyo maana Lagash na Umma, miji ya Sumeri iliyo majirani kabisa, walipigania mashamba na maji ya mpakani kwa vizazi.

Misri upepo wa kaskazini unasukuma mashua kwenda kusini, mkondo unazirudisha. Karibu kila mtu aliishi kando ya mto huo. Mtoza kodi akipanda mashua, utajificha wapi?

Fundi Tofali
Mfereji kamaliza upande wa maji. Kwenye majengo, tusilinganishe kaburi na jukwaa. Piramidi ni kaburi: likishafungwa, limefungwa. Zigurati haina chumba cha kuzikia ndani. Ni kilima cha tofali chenye ngazi, hekalu likiwa juu.

Ile ya mji wa Ur, Sumeri, aliyoianza mfalme Ur-Nammu kama 2100 KK, kitako chake ni takriban mita 64 kwa 45. Kiini ni tofali bichi. Ganda la nje ni tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa lami, unene kama mita 2.5. Kwa nini wasichome zote? Kuni. Nchi ile ilikuwa na udongo tele na miti kidogo.

Hapo ndipo kuna ufundi: tofali bichi likilowa huvimba, na ganda la lami halipitishi unyevu, kwa hiyo ukuta ungepasuka kutokea ndani. Wakatandika matabaka ya matete katikati na kuacha matundu membamba kwenye ganda ili kiini kipumue. Matundu hayo yanaonekana hadi leo. Usidhani ni mapambo.

Wamisri walikuwa na mawe, nao walikosea kivyao. Piramidi ya Farao Sneferu kule Dahshur ilianza na mwinamo wa nyuzi kama 54, nyufa zikatokea, sehemu ya juu ikalazwa hadi 43. Ndiyo maana imepinda.

Mdadisi
Na Indus?

Fundi Tofali
Tofali zao zina uwiano wa 1:2:4, kwa mfano sm 7 kwa 14 kwa 28. Mbili zikilazwa ubavu kwa ubavu zinalingana na urefu wa moja, ukuta unafungana bila kukata tofali. Uwiano huo unakutwa Mohenjo-daro na Harappa, mji mwingine wa Indus ulio mamia ya kilomita mbali. Mawe ya mizani nayo yanafuata kipimo kimoja. Ila nisingesema "hawakuwa na mtawala". Maandishi yao hayajasomwa, na mtu hapangi mitaro iliyofunikwa mtaa mzima bila amri ya mahali fulani.

Mfereji
Nyongeza moja kabla hajaja mtu na hadithi kwamba piramidi zilijengwa na watumwa. Maandishi ya karatasi za mafunjo yaliyopatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Misri, mwaka 2013 yana daftari la kazi la Merer, msimamizi wa kikosi cha watu kama 40 enzi za Farao Khufu, mwenye Piramidi Kuu ya Giza. Linataja siku za kupakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura na siku za kuyafikisha Giza kwa mashua. Kila siku kumi walienda na kurudi mara mbili au tatu.