FEI, farasi akiwa bandani kwake analindwa na nani?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mtunza farasi katika shamba moja huku Mufindi, na malalamiko yangu yanaihusu FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililoanzishwa 1921, ambalo makao yake yako Lausanne, Uswisi.

Kanuni zao zikisomwa zinapendeza. Katika mbio za masafa marefu farasi hupimwa na daktari wa mifugo kituo baada ya kituo, na mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, anatolewa. Utaratibu huo naukubali kwa moyo wote. Lakini farasi hashindani kila siku. Muda wake mwingi yuko mazoezini, mikononi mwa mwenye mjeledi, na huko ndiko jicho la Lausanne linakofika kwa kuchelewa.

Mpanda farasi Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali sita za Olimpiki, alijiondoa katika michezo ya Paris Julai 2024 baada ya kufichuka video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni, tena na tena, wakati wa mafunzo yaliyofanyika miaka ya nyuma. Bila video ile angepanda jukwaani kama kawaida. FEI ikamfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi, ambayo kwa watu wa kiwango chake ni hela ya pumba. Umoja wa Falme za Kiarabu nao ulisimamishwa Machi 2015 kwa sababu ya jinsi farasi walivyotendewa katika mbio hizo za masafa marefu; kufikia mwisho wa Julai ulikuwa umesharudishwa.

Jioni, nikimvua farasi lijamu, napitisha kidole kwenye pembe za mdomo na chini ya mkanda wa pua. Palipochubuka hupaona papo hapo, hata kama aliyempanda anaapa kwamba hakuvuta hatamu kwa nguvu. Ukaguzi huo hauhitaji mashine wala mkutano mkuu.

Wanariadha wetu wa mbio ndefu hugongewa mlango alfajiri, bila taarifa, watoe mkojo upimwe. Basi FEI nayo itume madaktari wasiolipwa na wenye farasi, waingie mabandani bila hodi, na majina ya watakaokutwa na makosa yatangazwe, kocha na mmiliki wakiwemo.