Mjadala: Bosi wa kampuni ya magari alelewe humohumo au aletwe kutoka nje?

Ndugu zangu, kuna simulizi vijana wetu wanalishwa kila mara: Mary Barra alianza kwa kukagua boneti na madigadi kiwandani, leo ndiye mkuu wa kampuni ya magari ya Marekani, General Motors (GM), kwa hiyo vumilieni, mtafika. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo ninayoipinga.

Ni kweli aliingia kiwanda cha Pontiac, tawi la GM, mwaka 1980, akiwa na miaka 18. Lakini aliingia akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa General Motors Institute, chuo cha kampuni yenyewe pale Flint, Michigan, ambako darasa na kiwanda vilipokezana. Baadaye kampuni ikamsomesha Stanford, akahitimu 1990. Akawa msaidizi wa mkuu wa wakati huo, Jack Smith. Akapewa kiwanda cha Detroit-Hamtramck akiongoze. Mwaka 2009, kampuni ilipofilisika na kukimbilia mahakamani, akakabidhiwa rasilimali watu. 2011 uundaji wa magari mapya. Januari 2014 kiti kikuu.

Baba yake alikuwa fundi wa kalibu hapohapo Pontiac kwa miaka 39. Kama uvumilivu pekee ndio ngazi, mzee yule angefika wapi? Binti alikuwa na kipaji na bidii, sikatai, ila alikuwa pia na kampuni iliyomtazama, ikamlipia ada, ikamhamisha idara hadi idara kwa makusudi. Msimamo wangu ni huo: kampuni ilee watu wake, na iache kuwahubiria subira watu ambao haijawawekea ngazi.

Wapo watakaonitajia Alan Mulally. Alitoka Boeing, kampuni ya ndege, kwenda kuwa mkuu wa Ford mwaka 2006, mwaka ambao Ford ilipata hasara ya dola bilioni 12.7, na chini yake Ford ikaikwepa mahakama ya kufilisika ambayo GM na Chrysler hazikuikwepa. Sawa, alikuwa mgeni kwenye magari. Lakini Boeing alikuwa mhandisi tangu 1969! Naye alilelewa, tofauti ni nyumba tu.

Sasa niseme linaloninyima raha. Mwezi mmoja tu baada ya Barra kukalia kiti, GM ilianza kuyaita magari yenye swichi mbovu ya ufunguo yarudi kutengenezwa. Ufunguo ukirudi nyuma kidogo injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki gari likigonga. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Wapo wahandisi ndani ya kampuni walioijua kasoro ile miaka zaidi ya kumi, na ripoti ya uchunguzi ilieleza tabia ya vikaoni: wote wanatikisa kichwa kukubali, kisha hakuna anayefanya kitu. Barra aliwafukuza watu 15. Lakini ukimya ule uliota mizizi katika nyumba ileile iliyomlea.

Kule Ford, Mulally alikuta wakuu wanaleta ripoti za kijani tupu, yaani mambo yote sawa, huku mabilioni yanapotea. Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, alipothubutu kuonyesha nyekundu, yaani kukiri kuna tatizo, Mulally alimpigia makofi.

Mnaokubaliana nami kwamba mtu alelewe ndani, nisaidieni hapa: mtoto wa nyumba aliyefundishwa kazi na wakubwa haohao, atapata wapi ujasiri wa kuonyesha nyekundu mbele yao? Na mnaotaka mgeni, nitajieni mmoja aliyefaulu bila kupitia kiwanda popote.