Naipenda kazi ya kuchora lakini mbio zake zimenichosha. Nifanyeje?

Mchoraji_Usiku: Wakuu, habari zenu. Nachora picha za vitabu vya watoto, huu mwaka wa sita. Niliambiwa nisipoweka mchoro mpya mtandaoni kila siku nitasahaulika, nikatii. Kila oda naipokea, kulala ni saa nane usiku. Juzi nimekaa mbele ya karatasi tangu asubuhi, mkono umegoma. Kilichoniuma zaidi, mwanangu kaniletea ndege aliyemchora, nikaanza kumkosoa mabawa. Kuacha sitaki. Nataka kuchora bila kukimbizwa. Kuna aliyeweza?

Kalamu_Taratibu: Pole sana dada. Mimi mwandishi, nimepita humo humo. Nilijiwekea kikomo cha muda, nikaacha kuhesabu kurasa. Anthony Trollope, mtumishi wa posta wa Uingereza, aliandika kwa muda wa saa tatu kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ameacha riwaya 47. Mimi zangu ni saa mbili. Zikiisha nafunga, hata sentensi iwe tamu vipi. Hiyo ndiyo inayoniamsha kesho yake.

Karani_wa_Rangi: Mkuu, huyo alikuwa na mshahara wa posta. Anayeishi kwa oda akipunguza saa, kodi ya nyumba ailipe na nini? Dada, anza na bei. Orodhesha oda zako za miezi mitatu, uone ipi imekulipa na ipi imekula usiku wako. Nilipofanya hivyo niligundua wateja wawili waliokuwa wakinirudishia kazi mara tano tano ndio waliolipa kidogo kuliko wote. Niliwaaga kwa heshima. Sasa marekebisho ni mawili, la tatu linalipiwa, na tunakubaliana hivyo kabla sijashika penseli.

Bibi_Brashi: Mwanangu, usijiite mvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Usingizi ukikukataa, muone daktari. Halafu kila wiki chora kitu kimoja ambacho hutakionyesha kwa mteja wala mtandaoni. Anza na yule ndege, mtoto awe mwalimu.

Mchoraji_Usiku: Asanteni sana. Karani, nimeorodhesha, mteja mmoja nimeshamwandikia. Kuacha kuweka picha kila siku bado kunanitia hofu. Aliyepunguza, oda zilipungua? Bibi, ndege tumemchora jioni hii. Ana mabawa matatu.